Tarehe saba na tarehe ishirini: shajara ya kupanga upya saa za kazi

Jumatatu, 29 Januari 2024

Ofisi yetu inatunza hesabu za wafanyabiashara wadogo na wa kati, wengi wao wa Kariakoo na Gerezani, Dar es Salaam: vitenge, vifaa vya umeme, vipuri, na mawakala wa forodha wachache. Tuko sita. Mzee ndiye mwenye ofisi. Dada wa mishahara anashika PAYE (kodi inayokatwa kwenye mishahara), SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi) na michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Kaka wa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, kazi yake inajulikana kwa jina. Yupo mwenzetu mwenye mtoto mchanga, amerudi mwezi huu kutoka likizo ya uzazi. Yupo binti aliyemaliza chuo cha uhasibu mwaka jana. Na mimi, ninayesimamia ratiba.

Kalenda yetu hatuitungi sisi. Tarehe 7 ni PAYE, SDL na kodi ya zuio za mwezi uliopita. Tarehe 20 ni VAT. Mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba kuna awamu za kodi ya mapato ya makadirio, na mwisho wa Juni kuna pia ritani, yaani taarifa ya kodi, ya mwaka uliopita kwa wale ambao mwaka wao wa hesabu unafungwa Desemba. Katikati ya tarehe hizo ofisi inapumua. Zikikaribia, hakuna anayepumua.

Mwezi huu tarehe 20 iliangukia Jumamosi, VAT ikasogea hadi Jumatatu. Ungedhani siku mbili hizo ni nafuu. Mteja akijua ana mpaka Jumatatu, risiti anazileta Jumapili, kwa hiyo wikendi nzima tuliimalizia hapa. Jumanne watu watatu hawakuja: mmoja kichwa, mmoja mgongo, mmoja hakusema. Ijumaa dada wa mishahara akampelekea Mzee barua ya kuacha kazi. Mzee hakusema ndiyo wala hapana, alimwomba tu ampe hadi mwisho wa Juni. Leo amenikabidhi kazi hii: nipange upya saa za kazi, niandike kila kinachofanyika, na Juni ikiisha tukae tuangalie.

"Mwanangu," ameniambia, "usiniletee semina. Niletee ratiba."

Jumatatu, 5 Februari

Keshokutwa ni tarehe 7, wiki hii si ya kumuuliza mtu chochote. Nimeitumia kusoma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, maana sitaki kupanga ratiba ya kupendeza halafu nigundue hairuhusiwi. Yanayotuhusu ni haya. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki, zisizidi 9 kwa siku wala siku 6. Saa za ziada ni za kukubaliana, zisizidi 50 katika mzunguko wa wiki nne, na kila moja inalipwa mara moja na nusu. Kati ya kumaliza kazi leo na kuanza kesho ziwepo saa 12, na kila wiki mtu apate saa 24 mfululizo asizodaiwa na ofisi.

Kifungu cha 21 ndicho kilichonifanya nisome mara ya pili. Kinaruhusu wiki iliyobanwa: mkikubaliana kwa maandishi, mtu anaweza kufanya kazi hadi saa 12 kwa siku, muda wa kula ukiwemo, bila kuhesabiwa ziada, ilimradi siku za kazi zisizidi 5 na saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki. Kwa ofisi ambayo kazi yake inajaa siku chache na kupungua nyingine, kifungu hicho ni kama kimeandikwa na mtu aliyewahi kukaa hapa tarehe 19.

Nimemsomea Mzee. Alisikiliza kimya hadi kwenye saa 50 za ziada, akauliza nani anazihesabu. Hakuna anayezihesabu. Kuanzia leo kuna daftari mlangoni: unaandika ulipoingia na ulipotoka, hata ukitoka saa nne usiku. Mzee naye anaandika. Wasimamizi sheria imewaacha nje katika mengi ya saa za kazi, kwa hiyo mimi na yeye tunajiandikia ili tuone aibu tu.

Jumatano, 14 Februari

Nimezungumza na kila mtu peke yake, kwenye benchi la mama ntilie na si ofisini. Maswali niliyatoa kwenye maelezo ya Shirika la Afya Duniani, ambalo mwaka 2019 liliuweka uchovu huu wa kazini katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa na hali za kiafya, ICD-11. Halikuuita ugonjwa. Linasema ni hali inayotokana na msongo wa kazi wa muda mrefu ambao haukushughulikiwa ipasavyo, na linataja sura zake tatu: kuishiwa nguvu, kujiweka mbali na kazi au kuidharau moyoni, na kuona unachofanya hakizai kitu. Sura ya kwanza ndiyo kila bosi anaifahamu, na dawa yake anadhani ni soda na mapumziko ya Jumamosi. Nilitaka kusikia kuhusu hizo mbili nyingine.

Kaka wa VAT ana ya pili. "Zamani mteja akileta risiti zimelowa nilikuwa nazianika dirishani," amesema. "Sasa namwambia arudi nazo kwao." Alisema akicheka, lakini hakurudia kucheka nilipomuuliza tangu lini.

Mwenzetu wa mtoto mchanga hajalalamika usingizi hata mara moja, ingawa unauona usoni. Kinachomkera ni kwamba katika siku zake 84 za uzazi simu za wateja zilimfuata mpaka wodini, na alizipokea, kwa sababu nani mwingine angejua faili la yule wakala wa forodha?

Binti hajachoka. Anaogopa. Hana wateja wake mwenyewe, kazi zake anamaliza saa kumi, halafu anakaa mpaka saa mbili usiku kwa kuwa wakubwa bado wamekaa. Nyumbani ni Chanika. Hesabu mwenyewe anafika saa ngapi.

Dada wa mishahara nilimwacha mwisho. "Siogopi kazi, kaka," ameniambia. "Naogopa tarehe. Mimi nikilazwa tarehe 3, nani hapa atatoa mishahara ya watu wa yule mwenye maduka matatu? Mtaje." Sikuweza kumtaja.

Jumatano, 28 Februari

Binti alikuja na habari ya majaribio ya Uingereza ya mwaka 2022: kampuni 61, miezi sita, wiki ya siku nne kwa mshahara uleule, na karibu zote zikaamua kuendelea. Mzee alisoma yote kwenye simu yake, miwani imeshuka puani. "Vizuri," akasema. "Hawa foleni ya Jangwani wanaipitia?" Akakubali tujaribu kitu kidogo zaidi: kila mtu siku mbili kwa wiki afanyie kazi nyumbani, siku zisizo karibu na 7 wala 20.

Halikwenda mbali. Mgao wa umeme bado upo, na haufuati ratiba iliyotangazwa. Ofisini kuna jenereta. Nyumbani kwa dada wa mishahara, Mbagala, kuna giza kuanzia saa tatu asubuhi na kompyuta ya kukaa na chaji saa mbili. Kaka wa VAT amemaliza bando la wiki kwa siku moja kwa kupakua taarifa za benki. Binti anaishi na mama yake mkubwa na watoto wanne katika vyumba viwili, na siku ya pili aliomba mwenyewe arudi ofisini. Aliyefurahi ni mwenzetu wa mtoto mchanga peke yake, naye kwa sababu ambayo haihusiani na utulivu.

Habari zinasema mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere, wa megawati 235, umeanza kuingiza umeme kwenye gridi. Tutaona. Lakini nadhani hata umeme ukitulia, kwa watu wa mishahara yetu nyumba si ofisi ya akiba. Nafuu inayowezekana kwetu iko kwenye saa. Tumeafikiana hivi: saa tisa za kila siku, pamoja na saa ya kula, unaweza kuzianza saa moja asubuhi au saa nne, uchague mwenyewe kila mwezi. Wa Mbagala na wa Chanika wamechagua saa moja. Wanaondoka nyumbani gizani lakini wanakaa kwenye gari nusu ya muda wa zamani. Kaka wa VAT, anayekaa Kimara, amechagua saa nne, mabasi ya mwendokasi yakiwa yamepungua watu wa kuning'inia mlangoni.

Jumanne, 5 Machi

Daftari la mlangoni limefikisha mwezi, na limenishangaza. Nilitegemea kuona kwamba anayekaa saa nyingi zaidi ndiye aliyechoka zaidi. Sivyo. Anayekaa saa nyingi kuliko wote ni binti, ambaye hana uchovu wowote. Dada wa mishahara, ambaye barua yake iko kwa Mzee, saa zake ni za kawaida tu ukiondoa siku nne za mwanzo wa mwezi.

Nikachukua karatasi nikaandika wateja wote upande mmoja, na upande wa pili nikaandika nani anaweza kuliendesha faili la kila mmoja leo hii bila kumpigia simu mwenzake. Karibu kila mstari ulikuwa na jina moja. Kwa wateja saba wakubwa, jina lilikuwa la mtu mmoja na paswedi za mfumo wa TRA, Mamlaka ya Mapato, zilikuwa kwenye simu yake binafsi. Mteja hampigii ofisi, anampigia dada. Akiwa msibani anampigia dada. Akiwa kanisani anamtumia dada ujumbe wa sauti.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kubadilisha saa peke yake hakukuwa kunatufikisha popote. Unaweza kumpa mtu Jumatano nzima ya kupumzika, lakini kama faili limo kichwani mwake, Jumatano hiyo anaipumzikia na faili. Hana wa kumwachia. Anayesomea mambo haya, Christina Maslach, ambaye dodoso lake la kupima uchovu wa kazi limekuwa likitumika tangu 1981, anataja wingi wa kazi kuwa sababu moja tu kati ya sita. Nyingine ni kutokuwa na mamlaka juu ya kazi yako mwenyewe, malipo na shukrani, uhusiano na wenzako, haki, na kama unaamini katika unachofanya. Sisi tulikuwa tunahangaika na ya kwanza.

Kwa hiyo mpango umegeuka. Kwanza faili liweze kuhama, ndipo mtu aweze kupumzika. Tunaanza na vitu vitatu.

Kadi ya mteja, ukurasa mmoja, kwa mkono ikibidi. Si namba ya mlipakodi na anwani, hizo zipo. Kadi inaandika kile ambacho mshika faili anakijua na hajawahi kukiandika: risiti zinaletwa na nani hasa, mwenye duka au shemeji yake, analeta siku gani kwa kweli, siyo siku aliyoahidi, mashine yake ya kutolea risiti za kodi (EFD) ina ugonjwa gani, simu yake ikizimwa apigiwe nani, habari ya kodi kubwa apewe kwa simu au aitwe aketi kwanza.

Msaidizi wa faili. Kila mteja ana mshika faili na ana msaidizi mmoja anayetajwa kwa jina. Kati ya tarehe 8 na 14, msaidizi anafanya hesabu za mteja huyo kwa kutumia kadi tu. Akikwama, kasoro ni ya kadi.

Laini ya ofisi. Wateja wote wahamie WhatsApp ya namba moja, simu inayolala kwenye droo ya Mzee saa kumi na moja jioni. Siku tatu kabla ya tarehe 20 inakaa macho hadi saa moja usiku, kwa zamu. Paswedi zinatoka kwenye simu za watu na kuingia kwenye kabati la chuma, na kila anayefungua anasaini.

Dada wa mishahara aliposikia juu ya kadi alisema, "Mnataka kunitoa kichwani mwangu halafu mniambie sihitajiki." Alisema kwa utani, ila ni swali halali. Mzee alimjibu mbele ya wote kwamba hakuna atakayepunguzwa, akasema na mshahara wake wa mwezi huu unaongezwa posho ya kufundisha. Nimeliandika hapa ili lisisahaulike.

Alhamisi, 14 Machi

Ramadhani imeanza juzi. Watatu kati yetu wamefunga. Wameomba saa moja asubuhi hadi saa kumi, na saa ya mapumziko iwe adhuhuri kwa swala. Imekuwa rahisi kuliko nilivyodhani, kwa kuwa zamu zilishaanza. Wasiofunga wanashika jioni. Kwa kubadilishana, wale waliofunga watashika Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka kama patatokea dharura, na wengine tutashika Idi.

Mwaka huu 31 Machi ni Jumapili ya Pasaka. Awamu ya kwanza ya makadirio lazima iwe imekwisha Alhamisi ya tarehe 28. Nimeibandika ukutani kwa maandishi mekundu.

Jumanne, 23 Aprili

Mwezi wa sikukuu: Pasaka, Karume, Idi, na Ijumaa hii Muungano unatimiza miaka 60. Mvua nazo hazikutusamehe. Jangwani imejaa maji zaidi ya mara moja, na siku hizo waliotoka Kimara waliambiwa wabaki.

VAT tena iliangukia Jumamosi, ikaingia jana Jumatatu. Safari hii tulituma tangazo mapema kupitia laini ya ofisi: risiti mwisho Alhamisi saa kumi, zitakazokuja baadaye zitaingia kwenye ritani ya mwezi ujao. Wateja walipiga kelele, kisha wengi wakaleta Alhamisi. Mmoja alikuja Jumapili akakuta mlango umefungwa, akamtafuta kaka wa VAT hadi kwake Kimara. Kaka hakufungua. Jana asubuhi mteja huyo aliingia ofisini amefura, Mzee akampeleka chumbani kwake, wakatoka baada ya muda mrefu, na mteja akachukua mafaili yake. Alikuwa analipa vizuri. Mzee hakusema neno siku nzima, ila saa kumi na moja aliifungia simu kwenye droo mwenyewe.

Leo, Jumanne baada ya VAT, wote sita tumekuja.

Jumatano, 15 Mei

Intaneti imekufa nusu. Jumapili ya tarehe 12 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na Afrika Mashariki yote inakokota. Mfumo wa kodi unafunguka, unazunguka, unakutoa nje. Tarehe 20 ni Jumatatu.

Tumegundua kuwa alfajiri unapita. Wazo la kwanza la kila mtu lilikuwa lilelile la zamani: tulale hapa. Kaka wa VAT alishaleta shuka. Nilimwonyesha ukurasa wa saa 12 za mapumziko, akaniambia sheria haijui kwamba waya umekatika. Ni kweli haijui. Lakini tuna kadi sasa, na kila faili lina watu wawili, kwa hiyo si lazima awe yeye. Tumegawana: wawili wanaingia saa kumi na moja alfajiri, bodaboda analipwa na ofisi, wanapandisha ritani zilizokwisha tayari, wanaondoka saa nane mchana hata kama mbingu inaanguka. Wengine wanaandaa hesabu mchana bila kuhitaji mtandao. Hakuna anayerudia alfajiri siku mbili mfululizo.

Mwenzetu wa mtoto mchanga ametolewa kwenye zamu za alfajiri. Sheria inampa hadi saa mbili kila siku ya kazi za kwenda kunyonyesha, na amekuwa akizitumia mwisho wa siku kwa kuondoka mapema. Mzee alimuuliza kama wiki hii angeweza kuziacha. Dada wa mishahara ndiye aliyejibu, kabla mwenyewe hajafungua mdomo, na jibu hilo siliandiki.

Jumatano, 22 Mei

Zote ziliingia. Ya mwisho juzi, saa tatu usiku, na aliyeipandisha alikuwa binti. Lilikuwa faili la wakala wa forodha, lile lililomfuata mwenzetu wodini. Kadi ilikuwa na mstari mmoja uliokosekana (ankara za meli zinakuja kwa dola), akapiga simu moja, akauongeza mstari, akamaliza.

Kaka wa VAT jana alichukua siku ya mapumziko na leo amerudi. Kuna boksi la risiti zilizolowa dirishani. Sijauliza ni za nani.

Jumanne, 11 Juni

Tumejaribu wiki iliyobanwa, kwa makubaliano yaliyosainiwa. Wiki ya tarehe 20 wenye VAT wanafanya siku ndefu nne na kupumzika ya tano; wenye mishahara vivyo hivyo wiki ya tarehe 7. Maoni yamegawanyika vibaya. Kaka wa VAT anaipenda sana. Dada wa mishahara ameikataa baada ya wiki moja: siku ya saa kumi na moja, ukiongeza Mbagala kwenda na kurudi, inamfanya asiwaone wanawe siku nne, na siku ya tano wao wako shule. Amerudi kwenye saa zake za saa moja. Nadhani hili ndilo jambo ambalo ofisi kubwa zinalikosea, kumpa kila mtu uhuru wa aina moja kisha kushangaa baadhi hawashukuru. Sisi sita tunaweza kuwa na ratiba sita, mradi ziko ukutani.

Tatizo lililobaki ni Mzee. Wateja wamenyamaza usiku, lakini yeye hukumbuka mambo saa nne usiku na kuyatuma kwenye grupu la ofisi kwa ujumbe wa sauti, dakika tatu tatu. "Siwaambii mjibu," anasema. Ni kweli hasemi. Lakini nani atasikia sauti ya bosi akalala? Binti, ambaye Februari alikuwa haondoki kabla ya wakubwa, ndiye aliyependekeza tumwondoe uadmini na grupu tulifunge lisipokee ujumbe kuanzia jioni. Mzee alicheka, akakataa. Wiki iliyofuata alikuja na kijitabu chenye kamba. Anaandika humo usiku, asubuhi anatusomea tukinywa chai. Mengine ameshayafuta mwenyewe kabla ya kufika.

Jumatano, 26 Juni

Maduka ya Kariakoo yamefungwa tangu juzi. Wafanyabiashara wamegoma, wanalalamikia kodi na ukaguzi wa risiti mitaani, na mgomo umefika mikoa mingine. Kwetu maana yake ni mbili. Wateja hawapatikani, stoo zimefungwa na hesabu za stoo zimo ndani. Na 30 Juni ni Jumapili, ritani za mwaka na awamu ya pili ya makadirio vyote kwa pamoja.

Wateja ambao kadi zao zinasema "anachelewa kila mara" tulishaanza kuwafuata tangu Mei, na hao wamekwisha. Waliobaki ni wachache, wote wa mtaa mmoja wa vitenge. Mzee amekwenda kwa miguu kuwatafuta. Anafahamiana nao tangu enzi za vibanda, na hiyo hakuna kadi inayoibeba.

Watu wamechoka, sitasema uongo. Daftari la mlangoni linaonyesha saa za ziada nyingi wiki hii. Ila zinahesabiwa, zinalipwa, na kila mmoja anajua siku yake ya kupumzika wiki ijayo ni ipi.

Jumanne, 2 Julai

Tumekaa kama tulivyoahidiana. Mzee alianza na barua ya dada wa mishahara, akamuuliza anaitaka au anaiacha. Dada amesema anaondoka, mwisho wa Agosti. Ndugu yake anafungua biashara Mwanza na anamtaka akashike hesabu. Mzee aliuliza kama ni ule uchovu. Dada akasema Januari ilikuwa uchovu, sasa ni Mwanza.

Nimeona Mzee ameumia, na mimi pia, lakini faili zake zote zina msaidizi, na Juni mishahara ya wateja wanne iliandaliwa na binti bila yeye kugusa. Tulipokuwa tunaanza, kuondoka kwake kungeifunga idara nzima. Kama mradi huu unapimwa kwa kumbakiza, umeshindwa. Mimi siupimi hivyo, na dada naye amesema hivyo hivyo, kwamba ni mara ya kwanza anaondoka mahali bila mtu kumpigia simu kumuuliza paswedi.

Gharama zimekuwepo. Tumempoteza mteja mmoja mkubwa. Malipo ya ziada, ambayo zamani yalikuwa hayaandikwi, sasa yanaonekana na yanauma. Mzee anasema bei za wateja wanaoleta risiti dakika ya mwisho zitapanda kuanzia Oktoba, na hilo lilipaswa kufanyika zamani hata bila mradi.

Jumatano, 10 Julai

PAYE ya Juni imeingia. Tarehe 7 ilikuwa Saba Saba na Jumapili, tuliimaliza Ijumaa.

Kazi ya sasa ni likizo. Kila mtu ana siku 28 kwa mwaka, na ukiacha ya uzazi hakuna aliyewahi kuzichukua zote kwa pamoja. Nimechora jedwali la Agosti hadi Desemba, mtu mmoja kwa wakati, hakuna anayemaliza mwaka bila angalau wiki mbili. Kaka wa VAT ameomba Novemba, atafanya mitihani ya bodi ya wahasibu. Mwenzetu wa mtoto ameomba Desemba. Binti ameweka Oktoba kwa penseli.

Mstari wa Mzee ulikuwa mtupu hadi jana. Leo nimekuta ameandika Agosti 12 hadi 25, katikati ya VAT. Simu ya ofisi itakuwa na nani, nimemuuliza. Akasema nimtafutie msaidizi wa faili. Kadi yake bado haijaandikwa, na ndiyo itakuwa ndefu kuliko zote. Tumekubaliana tukae nayo Ijumaa baada ya swala, mimi nikiuliza na binti akiandika.